Msafiri na Majira: Mandhari ya Ugenini katika Nathari ya Safari ya Kiswahili

Utangulizi

Mnamo Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Kileleni palikuwa na weupe. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ulikuwa kitu gani, kiongozi hakutaja theluji. Alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann aliliandika neno hilo katika shajara yake. Taarifa yake ilipofika Ulaya ilipingwa na wanajiografia waliokuwa hawajawahi kukanyaga bara hili, akiwemo William Desborough Cooley wa London, na ubishi ukaendelea kwa miaka kadhaa. Katika ubishi huo wote, jibu la kiongozi lilipita bila ya kupewa uzito. Mgeni aliona rangi akaitafutia jina. Mwenyeji aliitaja athari ya kile kinachoonekana juu ya mwili wa mtu anayekikaribia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu lile halikuwa la mtu asiyejua kutazama, bali ni kielelezo cha namna mahususi ya kuisema mandhari. Namna hiyo inajitokeza katika nathari ya safari ya Kiswahili tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Msomaji aliyelelewa na masimulizi ya safari ya Kizungu huweza kudai kuwa msafiri wa Kiswahili hana jicho la mandhari: huorodhesha vituo, bei, vyakula na desturi za watu, kisha huondoka bila ya kusimama kuutazama mti uliochanua. Madai hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanapima kwa kipimo kisichofaa. Katika Kiswahili, mandhari haikutengwa na kazi, na majira hayakutengwa na safari. Ili hoja hii ieleweke, makala itapitia kwanza historia ya nathari yenyewe, kisha itaigeukia Japani, nchi ambayo fasihi yake imefungamanisha safari na majira kwa kanuni. Mwisho itarejea Eldoret, mahali ambapo suala hili lina uzito wa pekee.

Kuona na Kutenda

Safari za Waswahili kwenda nchi za baridi zilitangulia nathari yake. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alizuru Uingereza mwaka 1875, na habari za ziara hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said. Nduguye Barghash, Salama bint Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuhamia Ujerumani, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Kwa hivyo watu wawili wa jumba moja la kifalme waliziona nchi za majira manne, lakini Kiswahili, lugha iliyozungumzwa katika jumba hilo hilo, hakikupewa nafasi ya kuzisimulia.

Nafasi hiyo ilipatikana Berlin, katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887. Walimu Waswahili waliofundisha pale, miongoni mwao Amur bin Nasur, waliandika habari zao kwa ajili ya wanafunzi Wajerumani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Ndani yake mlikuwamo masimulizi ya Selim bin Abakari, mzaliwa wa Visiwa vya Ngazija, aliyefuatana na Theodor Bumiller mwaka 1896 katika safari ndefu ya Urusi na Siberia. Sehemu hiyo inaitwa “Safari yangu ya Urusi na ya Siberia.” Hapana budi kukumbuka masharti ya uandishi huo. Maandiko haya yalitakiwa na mwalimu wa Kizungu ili yawe vitabu vya kusomea lugha, na aliyetakiwa kuandika alitakiwa kutoa habari. Yamkini hii ndiyo sababu yamesomwa zaidi kama hazina ya historia na ya desturi, na si kama sanaa ya nathari.

Hata hivyo, neno habari lenyewe linahitaji kutazamwa. Kwa msafiri wa misafara ya bara, habari njema ya nchi ilikuwa ni ile inayomwezesha mtu wa pili kuipita: maji yako wapi, njia inapanda wapi, mvua hunyesha lini, watu wake hupokeaje wageni. Mlima katika habari ya namna hii si picha iliyotundikwa ukutani. Ni siku mbili za kupanda. Selim alipoichukua kanuni hii na kuipeleka Siberia, hakuacha kutazama. Alitazama kama mtu ambaye kesho yake inategemea kile anachokiona leo. Katika nchi ya namna hiyo baridi si pambo la simulizi. Baridi ndiyo inayoamua mtu avae nini, alale wapi, na farasi waende kwa kasi gani.

Miaka thelathini na mitano baadaye kanuni hiyo ilipewa jina wazi kuliko mahali pengine popote. Martin Kayamba, karani mkuu kutoka Tanga, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Anwani hiyo yatosha kuwa nadharia ya tanzu nzima. Kuona kumetajwa kwanza, lakini hakukuachwa peke yake. Kumefungwa kwa kiunganishi na kutenda. Fauka ya hayo, nafsi inayotumika ni ya wingi. Msafiri huyu hasimami pweke mbele ya mandhari ili aeleze yaliyomo moyoni mwake. Anaona pamoja na wenzake, kwa ajili ya wenzake waliobaki nyumbani, na akiwa na shughuli iliyompeleka.

Majira ya Bahari na Saa ya Jua

Msamiati wa majira aliouchukua msafiri wa Kiswahili ulitoka baharini. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili na kuvirudisha. Kati ya pepo hizo mbili yapo maleleji, wakati upepo usipokuwa na msimamo. Masika ni mvua kubwa, vuli ni mvua ndogo, kipupwe ni ubaridi wa katikati ya mwaka, na demani ni wakati wa utulivu unaofuata. Hakuna hata neno moja kati ya haya lililo jina tupu la hali ya hewa. Kila moja ni taarifa ya kazi: sasa chombo kitoke au kipandishwe pwani, sasa shamba lilimwe au lingojewe.

Mwaka wenyewe ulihesabiwa kwa utaratibu ambao vitabu vya shule havijaupa haki yake. Pamoja na kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi, Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365. Mwaka huo ulianza Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo huko Makunduchi, Unguja, huadhimishwa hadi leo mwezi wa Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Uligawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano za nyongeza. Nahodha alijua ni mwongo gani wa kufunga safari, na mkulima alijua ni mwongo gani wa kupanda. Jina la Nairuzi ni la Kiajemi, lakini hesabu iliyojengwa juu yake ilikuwa ya pepo na mvua za pwani ya Afrika Mashariki. Kilichoazimwa kilipimwa kwa bahari ya nyumbani hadi kikatosha.

Chombo cha pili cha msafiri kilikuwa saa yake. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kuchwa na kucha: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, na saa kumi na mbili jioni jua hutua. Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu katika ukanda wa ikweta mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima. Msafiri akipanda kaskazini, saa hiyo huvunjika mkononi mwake. Mjini St Petersburg mchana mrefu kabisa wa kiangazi hukaribia saa kumi na tisa. Mjini Tokyo tofauti si kubwa kiasi hicho, lakini inatosha kumtikisa mgeni. Mchana wa Juni huwa wa saa kumi na nne na nusu hivi, na ule wa Desemba haufiki saa kumi. Mtu wa ikweta hukutana na majira manne kabla ya kuona ua wala jani. Hukutana nayo pale anaposema “saa kumi na mbili jioni” na kulikuta giza limekwisha tanda, au jua likiwa bado juu. Hapa ndipo mandhari inapoigusa lugha yenyewe, wala si sifa zinazoipamba tu.

Japani: Safari kama Mpito wa Majira

Katika fasihi ya Japani, uhusiano wa safari na majira umewekewa kanuni za muda mrefu. Mshairi Matsuo Basho aliondoka Edo, mji ambao leo ndio Tokyo, mwishoni mwa majira ya machipuko ya mwaka 1689. Alisafiri kama kilomita 2,400 katika nchi za kaskazini na ufuo wa magharibi, na kufika Ogaki majira ya majani kupukutika. Kitabu cha safari hiyo, Oku no Hosomichi, kilichapishwa mwaka 1702, baada ya kifo chake. Muundo wake hauhitaji mgogoro wa kubuni, kwa maana mpito wa majira ndio unaoisukuma simulizi mbele. Ushairi mfupi anaouingiza katikati ya nathari hufuata desturi kwamba kila utungo uwe na neno la majira, na maneno hayo hukusanywa katika kamusi maalumu ziitwazo saijiki. Chura, umande, mwezi, ukungu: kila kimoja kimepangiwa wakati wake, na msomaji akilisoma neno hujua mara moja mwaka umefika wapi.

Aghalabu wageni huyapokea mambo haya kana kwamba ni upole wa kimaumbile wa taifa moja katika kupenda maua. Historia inaonyesha jambo jingine. Kalenda iliyougawa mwaka katika vipindi 24, na kila kimoja katika vitatu hadi kupata vipindi 72 vya siku tano tano, ilitoka China. Majina ya vipindi hivyo yaliitaja hali ya hewa na wanyama wa China, na kwa karne nyingi Wajapani waliyatumia ilhali nje ya madirisha yao mambo yalikwenda vingine. Mnajimu Shibukawa Shunkai ndiye aliyeirekebisha kalenda ya nchi, na marekebisho yake yakaanza kutumika mwaka 1685. Vipindi 72 navyo vilitungiwa majina mapya yanayolingana na mimea, ndege na mvua za Japani. Basho aliondoka Edo miaka minne tu baada ya hapo. Fasihi inayosifiwa leo kwa ukaribu wake na majira ilikuwa basi na majira ya kuazima yaliyohitaji kusahihishwa kwa macho.

Mlingano na miongo ya Waswahili hauwezi kupuuzwa. Miongo 36 ya siku kumi kumi na vipindi 72 vya siku tano tano vyote hutimiza siku 360. Kila jamii iliazima hesabu kutoka ng’ambo na kuirekebisha kwa nchi yake. Tofauti ni kwamba Japani hesabu hiyo iliingizwa katika kanuni za fasihi andishi, ilhali kwetu ilibaki mikononi mwa manahodha na wakulima, na shule ilipokuja haikuiuliza.

Uzoefu wa msafiri wa leo nchini Japani bado unafuata mpangilio huo. Maua ya sakura huchanua mapema kusini na kupanda kaskazini, yakigusa Kyushu na Tokyo mwishoni mwa Machi na kufika Hokkaido mwishoni mwa Aprili au mapema Mei. Idara ya hali ya hewa hutangaza kuchanua kwake kwa kutazama miti maalumu iliyoteuliwa. Katika mji mmoja maua hayo hayadumu zaidi ya wiki moja au mbili. Mvua za tsuyu hufuata mwezi Juni na Julai. Kisha wekundu wa majani huanza Hokkaido na kuteremka kusini, ukifika Kyoto mwezi Novemba. Kwa hiyo maua hupanda na majani huteremka. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeutambua mwendo huo upesi, maana ni mwendo wa kwenda na kurudi kama wa kusi na kaskazi.

Japani haikuwa nchi ngeni kabisa kwa Waswahili. Kwa miongo kadhaa ya karne ya ishirini kanga nyingi zilizovaliwa pwani zilichapwa huko. Kiswahili nacho kilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007, na miongoni mwa walimu wake katika miaka ya 1990 alikuwa Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Mwandishi wa kimo hicho aliishi ndani ya majira manne ya Japani. Lakini kazi yake iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995 na kusomwa sana, Amezidi, ni tamthilia, wala si masimulizi ya safari. Hilo si kosa la mwandishi, kwani kila msanii huchagua uwanja wake. Hata hivyo linadhihirisha kuwa tanzu iliyoanzishwa na kina Selim na Kayamba haikuwa tena mlango ambao mwandishi mkubwa angeuona mbele yake.

Eldoret: Majira Yasiyo na Bahari

Wapo Wakenya wengine walioijua Japani kwa miguu, na wengi wao ni wa nyanda za juu. Douglas Wakiihuri, aliyefanyia mazoezi yake Japani, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Rome mwaka 1987. Mwaka 1989 wanafunzi Wakenya wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin walikuwa wageni wa kwanza kushiriki mbio za kupokezana za Hakone. Mbio hizo, zilizoanza mwaka 1920, hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari kutoka Tokyo hadi ziwa lililo Hakone na kurudi. Sehemu yake ya tano hupanda mlima kwa zaidi ya kilomita 20, hadi zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msimu wa baridi. Mkimbiaji hauangalii mlima huo, anaupanda. Mandhari yake imo mapafuni na katika vidole vilivyokufa ganzi. Akilisema hilo kwa Kiswahili, anakuwa mrithi halali wa yule kiongozi wa 1848.

Swali ni kama atakuwa na lugha ya kulisema. Eldoret upo kwenye kimo cha takriban mita 2,100, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kusi na kaskazi si pepo anazozihisi mkulima wa Uasin Gishu. Vuli na masika, zinazoashiria misimu miwili ya mvua, hazimfai yeye ambaye mahindi yake hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba, baada ya msimu mmoja mrefu. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, alirekodi kwamba mwaka wao ulikuwa na nusu mbili: iwotet, wakati wa mvua na kilimo, na kemeut, wakati wa kiangazi. Mgawanyo huo unalingana na nchi yenyewe. Lakini mtoto wa Eldoret aingiapo darasani hukuta majira ya pwani yameandikwa ubaoni, na pembeni yake majira manne ya Ulaya yamepachikwa majina hayo hayo. Kipupwe, ubaridi mwanana wa Julai wa Mombasa, hugeuzwa kuwa msimu wa theluji. Neno moja limebebeshwa nchi mbili, na mtoto aliye katika nchi ya tatu hukariri bila ya kuiona hata moja.

Matokeo yake yanaonekana katika insha za safari. Jua huchomoza kwa madaha, ndege hutumbuiza, upepo hupepea, na mandhari huwa ya kuvutia ajabu, iwe mwanafunzi anasimulia safari ya Malindi, ya Iten au ya Kyoto. Semi hizo zimetungwa vizuri na hupewa alama. Kasoro yake ni kuwa haziwezi kukanushwa na mahali popote. Zinafanana na kalenda ya China iliyotundikwa katika nyumba ya Mjapani kabla ya 1685: nzuri, yenye heshima, na isiyosema kweli juu ya kinachotokea nje ya dirisha.

Huenda ikadaiwa kuwa lugha sanifu haiwezi kuwa na majira tofauti kwa kila kaunti, na kwamba kitabu cha shule kinahitaji istilahi moja. Dai hilo ni la haki kwa upande wa istilahi. Mtaala unaweza kuendelea kusema majira ya machipuko na majira ya baridi kali, na kukirudishia kipupwe maana yake ya pwani. Lakini fasihi haiishi kwa istilahi peke yake. Kiswahili hakikupungukiwa kilipolipokea neno Nairuzi kutoka Uajemi, wala hakitapungukiwa kikiyapokea maneno ya mvua na kiangazi kutoka nyanda za juu, mradi yawe yamefanya kazi katika nchi yanayoitaja.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa nathari ya safari ya Kiswahili, kuanzia Selim bin Abakari hadi Martin Kayamba, haikukosa jicho la mandhari. Ilikuwa na jicho lililofungwa kwenye kazi, kwenye mwili na kwenye wenzi wa safari. Jicho hilo halipingani na mapokeo ya Japani ya kusafiri pamoja na majira. Yote mawili yanakataa kuigeuza nchi kuwa picha isiyo na tarehe. Tofauti iliyopo ni ya kihistoria: huko kalenda ya kuazima ilisahihishwa ikawa sanaa, hapa kalenda iliyokuwa imekwisha kusahihishwa iliachwa nje ya shule, na mahali pake pakawekwa nyingine ya kuazima.

Kwa mwalimu wa fasihi, kazi inayofuata ni ya kawaida na ipo karibu. Kabla ya kumtaka mwanafunzi aeleze maua ya sakura au theluji ya Hakone, na amwulize kwanza ni siku gani mahindi ya kwao yalitoa mbelewele, na mvua ya wiki hiyo ilizuia nini na kuruhusu nini. Atakayeweza kulijibu hilo kwa Kiswahili kinachotosha ataweza kusafiri nacho hadi Hokkaido, na atakaporudi atakuwa na habari ya kuwapa waliobaki.